Shahidi Aliyesahau Tarehe

"Rudisha funguo, uondoke kwa amani," Baba Mkubwa alikuwa anasema, na hiyo amani aliitamka kwa sauti ya kutikisa vioo vya dirisha. "Sitaki kusikia tena habari ya kompyuta iliyojiua yenyewe."

"Sijasema imejiua," Dada alijibu, naye hakuwa chini. "Nimesema sikuiua mimi."

"Basi kaiua nani, jini?"

"Jini ana shida gani na nembo za sweta, Baba Mkubwa?"

Hapo ndipo Kachero alipoingia, bila hodi. Mlango ulikuwa umefungwa ili wafanyakazi wasisikie, lakini wapi. Alipopita katikati ya mashine za kudarizi, kina mama wote walikuwa wameinamia vitambaa vyao kwa ile bidii ya mtu ambaye masikio yake yako chumba cha pili. Mama Pasi, anayenyoosha nguo karibu kabisa na mlango, alikuwa anaipiga pasi sweta iliyonyooka zamani.

Kachero akaamkia. Shikamoo yake ikaitikiwa kama mtu anavyofukuza nzi.

Kwa asiyejua, Kachero ni mdogo wake Dada, baba mmoja mama mmoja. Jina alipewa na mtaa akiwa bado shule ya msingi, alipomwinda aliyekuwa anamaliza sukari ya ofisi ya walimu akamkuta ni mwalimu wa zamu mwenyewe. Tangu amalize shule yuko nyumbani anasubiri majibu ya chuo, na watu wanamletea kesi zao: simu iliyopotea, kuku aliyehama, mchumba mwenye safari nyingi. Hii ya leo hakuletewa. Mama Pasi alimpigia simu kumwambia dada yake ameitwa mwizi mbele ya karakana nzima, naye Kachero akaacha chai mezani inatoa moshi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kwenye chumba hiki cha nyuma kuna kompyuta moja ya mezani, na ndani yake zimo nembo za shule zote zinazoshonesha sweta kwa Baba Mkubwa. Dada ndiye anayezichora. Akimaliza anazitia kwenye flashi, anaipeleka flashi kwenye mashine ya kudarizi, mashine inadarizi. Tangu jana asubuhi kompyuta inawaka lakini haifiki popote, inaganda kwenye maandishi meupe. Na kesho shule moja kubwa inakuja kuchukua sweta zake, na sweta zimekaa hapo vifua vitupu.

Kingekuwa kifo cha mashine tu, watu wangelia wakanyamaza. Ila Baba Mkubwa alikuwa amesikia mtaani kwamba kuna mtu anatembeza michoro yake kwa karakana nyingine. Akaunganisha moja na moja. Asubuhi hiyo aliwasimamisha wafanyakazi wote, akasema kikulacho ki nguoni mwako, akamwangalia Dada mpaka kila mtu akaelewa ni nguo ipi. Dada kaiba michoro, kaua kompyuta kuficha alama. Na mtu akitoka pale na jina hilo, hakuna karakana nyingine ya kumpokea.

"Ushahidi upo?" Kachero aliuliza.

Aliyejibu ni Meneja, mtoto wa kwanza wa Baba Mkubwa. Cheo alipewa na baba yake. Kazi bado inatafutwa. Alikuwa amesimama kando ya meza, shati limenyooka, kalamu mfukoni, mkono mmoja juu ya lile boksi la kompyuta ambalo pale wote wanaliita sipiyu, kama mtu anayezuia mbuzi asiondoke. Akaeleza kwamba ukiiwasha, mashine yenyewe inashtaki. Inaonyesha tarehe ya miaka ya nyuma huko. Mtu ameirudisha saa nyuma makusudi, ili isijulikane lini alinakili michoro. Alimsomea Baba yake yale maandishi jana, kwa kuwa Baba miwani yake ilikuwa nyumbani, na yanasema hivyo hivyo, kwamba mashine imechezewa. Sasa yeye anataka kuibeba ampelekee fundi wake mjini, na wanachelewa.

"Fundi hawezi kuja hapa?"

"Ana vifaa vyake kule."

"Na jana kwa nini hukuibeba?"

Meneja akamtazama baba yake. Baba Mkubwa ndiye aliyesema kwamba Dada alipompigia simu jana asubuhi kumwambia mashine haiwaki vizuri, yeye alikuja, akaona, akafunga chumba na ufunguo akalala nao. Hakuna aliyegusa kitu tangu hapo. Leo amefungua mwenyewe.

"Vizuri sana," Kachero akasema. "Kabla shahidi hajapelekwa mjini, naomba nimhoji."

"Shahidi gani?"

"Huyu." Akagonga sipiyu kwa kidole. "Wote mmesema kwa niaba yake. Mwenyewe hajaulizwa."

Baba Mkubwa akafungua mdomo amfukuze. Dada akawahi kusema kwamba funguo atarudisha, hana shida, lakini akishaondoka na mashine ikija kuamka, watamfuata wapi kumwomba radhi? Mzee akakaa kwenye kiti. Akasema haraka basi, na mtu asivunje kitu.

Kachero alianza na watu. Dada akaeleza kwamba kwa wiki kadhaa kila asubuhi mashine ilikuwa inamwuliza tarehe. Anabonyeza kitufe inachotaka, inaendelea, anarekebisha saa, anafanya kazi. Alimwambia Meneja, kwa kuwa kununua vitu ni kazi ya Meneja. Meneja akamwambia ataliangalia. Jana ndiyo siku ya kwanza ilipokataa kabisa: alibonyeza kama kawaida, ikaleta mstari mwingine, ikaganda.

Meneja akasema hajawahi kuambiwa kitu kama hicho.

"Wewe huwa unaitumia, kaka?" Kachero akamwuliza.

"Mimi ni uongozi. Hata pa kuiwashia sipajui."

"Hata siku moja?"

"Mtu akinikuta nimekaa hapo, aniite mshona vifungo."

Kachero akaitikia kwa kichwa, akavuta kiti. Umeme upo, taa ya skrini inawaka, waya wa nyuma ya skrini umekaza. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Feni ikazunguka, vumbi likapeperuka, mashine ikalia mara moja, na maandishi meupe yakaja, na juu kabisa tarehe ya mwaka ambao pale palipo karakana palikuwa bado kiwanja cha mpira.

Alisoma kimyakimya. Kiingereza kilikuwa chepesi, hata mtihani wa mwisho ulikuwa na kigumu zaidi. Lakini hakusema alichosoma. Akaanza kutembeza kidole juu ya kibodi, pole pole, kama bibi anayetafuta kidonge kilichodondoka mkekani.

"Naona kuna kitu inataka," akasema. "Sijui inataka nini hii." Kidole kikaenda kushoto, kikarudi kulia, kikasimama juu ya herufi moja, kikaondoka. "Labda hapa. Hapana. Labda hapa."

Meneja alikuwa na simu mkononi, anaandika ujumbe. Akapumua kwa hasira. Macho yakiwa bado kwenye simu, akanyoosha mkono juu ya bega la Kachero, akabonyeza kitufe cha F1.

Mashine ikaendelea.

Dada alikuwa ameona. Kachero hakugeuka hata kidogo, alikuwa anasoma mstari mpya uliokuja katikati ya giza, na huu aliusoma kwa sauti, akaufasiri neno kwa neno. Ulisema kwamba mashine haijaona mfumo wa kuanzia, na kwamba mtu aondoe alichoweka, kisha abonyeze kitufe chochote.

"Hakuna neno kuchezewa," akasema. "Baba Mkubwa, leo miwani unayo. Njoo uangalie."

Mzee akasogea, akainama, akatazama muda mrefu. Kiingereza chake ni cha lebo za nyuzi, lakini neno la kuondoa alilijua. Akauliza kuondoa nini.

"Na mimi ndicho ninachojiuliza. Mtu hakwambii toa, kama hakuna kilichoingizwa."

Mbele ya sipiyu hapakuwa na kitu. Kachero akapiga magoti chini ya meza. Hapo Meneja akakumbuka kwamba fundi anasubiri, akasema waache mchezo, akashika sipiyu kwa mikono miwili anyanyue.

"Kaka, waya hujachomoa," Dada akamwambia. "Au ndivyo uongozi unavyobeba?"

Nje mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

Baba Mkubwa akamwambia mwanawe aache kwanza. Kachero akageuza sipiyu mgongo wake ukatazama dirisha. Nyaya zilikuwa zimesukana na nyuzi za rangi na vumbi la sufu, na katikati ya msitu huo, imejibana kwenye tundu la chini, kulikuwa na flashi nyeusi, fupi, inayolingana na ukucha wa kidole gumba. Ukiwa mbele ya meza huioni hata ukitoa macho.

Akaichomoa, akaiweka juu ya meza, kwenye mwanga.

Halafu akazima mashine, akaiwasha upya. Ikalia, ikauliza tarehe, safari hii akabonyeza mwenyewe. Ikawaza kidogo. Skrini ikawa ya bluu, na pole pole zikaja picha zote za Dada, folda kwa folda, nembo za simba, za mwenge, za kitabu kilichofunguliwa. Hakuna iliyopungua. Dada alizikagua amesimama, mikono nyuma, bila kugusa kipanya.

"Imepona," Baba Mkubwa akasema. Sauti yake ilishuka ghafla, ikawa ya mtu wa kawaida. "Haya, basi. Ilikuwa kidude tu. Kila mtu arudi kazini."

"Bado," Kachero akasema.

"Bado nini?"

"Ile saa. Umesema asubuhi mbele ya watu kwamba dada yangu kairudisha nyuma kwa mkono wake. Tukimaliza hiyo, nakuachia chumba chako."

Akairekebisha tarehe mbele yao, ikawa ya leo. Akazima mashine vizuri, akazima na swichi ya ukutani, akasubiri mpaka taa ndogo ya nyuma ikafa kabisa. Akamwomba Dada akae kwenye lile benchi la mbali, mikono juu ya magoti, kama mtoto aliyefanya kosa. Meneja naye abaki alipo. Kisha akawasha.

Mlio mmoja. Maandishi meupe. Mwaka ule wa kiwanja cha mpira.

"Sasa hivi kairudisha nani?"

Baba Mkubwa akamtazama Dada kwenye benchi, akaitazama skrini.

Kachero akaeleza. Shuleni kwao kulikuwa na chumba cha kompyuta za msaada, na kila ukikatika umeme zilikuwa zinaamka na mwaka wao wa zamani. Mwalimu aliwaonyesha kwa nini. Ndani mna betri ndogo, mviringo, kama kifungo cha koti. Umeme ukiwepo betri inapumzika. Umeme usipokuwepo ndiyo inayotunza saa, na si saa tu, inatunza na maagizo mengine ambayo mashine imepewa: ianzie wapi, itazame nini kwanza. Dada alikuwa ameiagiza ianze na diski yake ya ndani. Betri ilipoishiwa, ikasahau tarehe, ikasahau na agizo. Hilo peke yake halikuidhuru, ndiyo maana kwa wiki kadhaa ilikuwa inauliza tarehe na kuendelea. Lakini juzi jioni mtu kaacha flashi nyuma. Asubuhi mashine iliyosahau maagizo ikakimbilia flashi kwanza, haikukuta cha kuanzia, ikakaa hapo inaomba iondolewe. Wao wakaisikia inashtaki.

"Betri hiyo imeishaje?" Baba Mkubwa akauliza. "Kompyuta hii si ya kale kiasi hicho."

Kachero akamwonyesha mlangoni.

Kando ya mlango kuna sanduku la swichi kubwa ya umeme wa karakana nzima, na lina kufuli, na ufunguo wa kufuli uko kwenye pete ya funguo za gari la Baba Mkubwa. Tangu karakana ya jirani iungue kwa pasi iliyosahaulika, mzee hamwamini mtu. Kila jioni anafungua sanduku, anasema "Nakata," na kabla hujasema ngoja ameshakata. Kina mama wamezoea kuondoka na herufi nusu kwenye vifua vya sweta.

"Kila usiku unaiachia ile betri mzigo peke yake, Baba Mkubwa. Na Jumapili kutwa. Imejitahidi."

Mzee akasema yeye anazuia moto, na kama kuzuia moto ni kosa basi wamfunge. Kachero akamjibu si kosa, na akamwomba ufunguo wa gari.

"Wa nini?"

"Rimoti yako ina betri ya kifungo kama hiyo."

Lile gari mzee analipenda. Anapolifunga kwa rimoti hulisikiliza linavyolia, halafu hulifunga tena alisikie. Akautoa ufunguo kama anatolewa jino. Dada akaleta mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, akaitenganisha rimoti kwa ncha, Kachero akazima kila kitu, akafungua ubavu wa sipiyu, akang'oa kifungo kilichokufa akaweka kilicho hai. Akaweka tarehe. Kisha akasema wasitumie swichi ya ukutani.

"Kata wewe mwenyewe. Kama jioni."

Baba Mkubwa akaenda mlangoni, akafungua sanduku. Hakusema neno lake. Akakata. Karakana nzima ikanyamaza, na kwenye ule ukimya ikajulikana kwamba mashine za nje nyingi zilikuwa zimeshanyamaza zamani. Akarudisha umeme. Kompyuta ikawashwa, ikapita moja kwa moja mpaka kwenye nembo, na pembeni chini, tarehe ya leo.

Dada akashusha mabega.

"Sasa imebaki hii," Kachero akasema, akaigusa ile flashi nyeusi. "Dada, yako iko wapi?"

Dada akavuta utepe shingoni. Flashi yake ilikuwa pale ilipo siku zote, nyekundu, imefungwa pamoja na futi ya kupimia, na hakuna mtu pale asiyeijua.

"Basi hii ni ya mtu mwingine. Mtu aliyebaki humu juzi jioni Dada alipokwenda kukusanya sweta. Alikuwa hajamaliza kunakili. Wewe, Baba Mkubwa, ukasema 'Nakata,' giza likaingia, nawe umesimama mlangoni na kufuli mkononi unaita watu watoke. Angepapasa nyuma ya meza gizani ungemwuliza anatafuta nini. Akatoka. Akasema asubuhi atawahi. Lakini asubuhi Dada alimtangulia, nawe ukafunga chumba. Tangu jana anataka kulibeba boksi lote, kwa kuwa hajapata hata dakika ya kuinama peke yake." Akageuka, kwa mara ya kwanza, akamtazama Meneja. "Kaka, mtu asiyejua pa kuiwashia amejuaje F1?"

"Nilibahatisha."

"Bila kuangalia?"

Meneja akasema kibodi zote ziko sawa. Akasema Kachero ni mtoto, anaishi kwa hadithi.

"Sawa. Tuichomeke mbele hapa, tuone ina nini. Kama ni hadithi tutacheka wote."

Akaichukua. Haikufika kwenye tundu. Meneja alimshika kifundo cha mkono, na shati lile lililonyooka lilikuwa limelowa mgongoni.

"Usifungue," akasema. "Ina vitu vyangu. Nyimbo tu."

Akasikia alichosema baada ya kukisema. Akauachia mkono.

Baba Mkubwa alimtazama mwanawe. Kisha akanyoosha kiganja, na Kachero, kwa adabu ya kulelewa, akampa ile flashi. Mzee akaitia mfuko wa shati, akaufunga na kifungo.

"Yameisha," akasema. "Haya ni ya nyumbani, yatazungumzwa nyumbani. Mwanangu," akamwambia Dada, sasa kwa upole, "kaa kwenye kiti chako. Sweta za watu zinasubiri."

"Asubuhi yalikuwa ya karakana," Kachero akasema.

"Nini?"

"Ulipomwita mwizi. Hukumwitia nyumbani. Uliwasimamisha watu. Wasimamishe tena, useme maneno mawili tu, kwamba hakuiba. Yako mengine na mwanao siyataki."

"Mimi nimsafishe huyu kwa kumchafua mwanangu mbele ya wafanyakazi wangu?"

"Sikukuomba utaje jina lake. Umelitaja wewe."

Mzee akasimama. Akasema yeye ndiye aliyewalea baada ya baba yao kufariki, na hajaona mtoto anayemwamuru mzazi aseme nini ndani ya karakana yake. Kachero akamwambia ni kweli amewalea, na shukrani ipo, na ndiyo maana flashi amempa yeye mkononi badala ya kuitembeza mtaani. Lakini jina la dada yake halikuwa sehemu ya malezi. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema, na nguo imeshaonekana ni ipi. Kilichobaki ni kuivua au kuendelea kujikuna.

"Toka," Baba Mkubwa akasema.

Dada ndiye aliyeondoka kwanza. Alitoa funguo za karakana mfukoni, akaziweka katikati ya kibodi, taratibu, zisikwaruze. "Uliniambia nirudishe, niondoke kwa amani," akasema. "Amani ninayo." Akafungua mlango.

Nje hakukuwa na mashine iliyokuwa inafanya kazi. Kina mama walikuwa wamesimama, na Mama Pasi alikuwa amechomoa pasi yake, anazungusha waya mkononi. Alimpokea Dada mkoba begani bila kuuliza kitu, wakatangulia pamoja kuelekea mlango wa nje. Mmoja akamfuata. Na mwingine.

Baba Mkubwa aliwaona kupitia mlango uliokuwa wazi, na sauti yake ilipotoka haikutikisa kioo chochote.

"Na sweta za kesho? Nani ataendesha hii mashine?"

Kachero alikuwa kizingitini, mkono kwenye kitasa.

"Muulize Meneja, Baba Mkubwa. F1 anaijua."

Akaufunga mlango.